Tarehe ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikufa amekaa. Alikufa mchana kweupe, kwenye benchi la ofisi ya kijiji, akisubiri kusogezewa tarehe ya kwenda hospitali.

Nilikuwa nimemshika. Mgongo wake ulikuwa kifuani kwangu, maana kulala alishindwa na kuinama alishindwa, pumzi ilipita akikaa wima tu, na hiyo nayo ilipita kwa mlio, kama pampu ya baiskeli mtu akiiziba mdomo kwa kidole. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa. Ndani walikuwemo katibu, mwenyekiti na watu wa kamati, wanapanga mapokezi ya mgeni. Niliwasikia wanabishana ngoma ipi itangulie, ya akina mama au ya vijana. Nikaita. Nasema nikaita, lakini sauti haikutoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepasuliwa shingo siku si nyingi, nyuzi zimetolewa juzijuzi, na sauti yangu ilikuwa haijarudi. Kilichotoka kilikuwa upepo mtupu. Nikapiga ukuta kwa ngumi. Ukuta wa udongo haulii. Mlango ulikuwa mbali na mkono wangu, na kumwachia mdogo wangu nisingeweza, angeanguka.

Mwishowe katibu alitoa kichwa nje, nadhani kutazama jua.

"Dada, si nimesema msubiri? Tukimaliza kikao nitaangalia kalenda."

Akafunga.

Mdogo wangu alinibana kidole. Halafu ule mlio ukakoma. Na mimi, Mungu ananisikia, nilifurahi. Nilidhani amepata nafuu. Nikaendelea kumpapasa mgongo, nikijiambia mwache apumzike, amechoka sana, mpaka mama alipofika na uji kwenye kibuyu, akamtazama usoni, akakiachia kibuyu chini.

Mimi si mtu wa shule. Niliachia darasa la pili, na kusoma kwenyewe nimekumalizia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Haya naandika polepole, na mwanangu akirudi kazini ananisomea nilipokosea herufi. Majina ya watu sitaandika. Lakini vyeo nitavitaja, kila mwenye cheo atajijua, na wa kijiji chetu wakisoma hawatahitaji kuuliza.

Kijiji chetu kiko upande wa Igowole. Si kijiji cha zamani. Zamani kila ukoo ulikuwa na mlima wake na bonde lake, unamwona jirani kwa moshi. Ikaja operesheni ya vijiji, tukakusanywa, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi. Watu wengi hawakupenda. Mchana wanakaa kijijini, ukiwageukia kidogo tu wamerudi kwenye mahame yao, wanalima kule walikozikwa baba zao. Nyumba nzima inaaga inakwenda msibani, haionekani mpaka mavuno. Ndiyo maana ikatoka amri kwamba mtu hatoki kijijini bila kibali, na kizuizi kikawekwa njia inapoanza kushuka kwenda barabara kuu, na mgambo akawekwa kwenye kizuizi.

Vibali aliviandika katibu. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye shule, kalamu mfukoni, suruali pana chini kama walivyovaa vijana wa mjini miaka ile. Alikuwa na bidii, hilo sitamnyima. Mwaka wetu wa pili pale alirudi kutoka wilayani na kalenda kubwa ya ukutani, karatasi nene, juu kabisa picha ya trekta jekundu na msichana amelikalia anacheka. Akaigongomelea karibu na dirisha la ofisi ili hata aliye nje aione. Akatuita.

Akasema kuanzia leo kijiji kitakwenda kwa mpango. Kila siku ina chumba chake, si mnaona? Hivi vyumba. Nyekundu ni kazi za kijiji na za serikali. Buluu ni shida binafsi. Mwenye shida binafsi aje mapema, nimpe chumba.

Shida binafsi. Ndilo jina lililopewa maisha yetu. Kwenda kliniki ilikuwa shida binafsi. Kwenda kuposa, shida binafsi. Kwenda kumwona mama yako mzazi anaumwa ng'ambo ya mto, shida binafsi, njoo uandikishe.

Kabla ya hapo miadi tulipanga kwa mdomo. Nitakuja pareto ikichanua. Tuonane gulio lijalo. Nisubiri baridi ikikatika. Na mtu alikuja. Kama hakuja, ulijua amepatwa na jambo, ukatoka kumfuata. Sijui kama huko mjini wanalielewa hili. Ahadi ya mdomo inakufanya umtafute mwenzako asipotokea. Ile ya ukutani, mtu asipotokea, chumba chake anapewa mwingine.

Mzee mmoja, jirani yetu, mnywaji mzuri wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na mwenye maneno, alikwenda dirishani siku za mwanzo kabisa.

"Ndugu katibu, nataka kwenda kwa wakwe zangu."

"Lini, mzee?"

"Ulanzi ukiiva."

"Kuiva si tarehe. Taja tarehe."

"Tarehe anaijua ulanzi, baba. Mwulize yeye."

Watu wakaangua kicheko. Katibu naye akacheka. Mzee alipoona ameshika uwanja akaongeza, "Na kufa nako tuandikishe mapema?"

"Wewe mzee kwanza nenda kwa wakwe," katibu akamwambia, akamwandika.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Na nisiseme uongo, mwanzoni kalenda ile ilitusaidia. Kijiji kilikuwa na trekta la tela. Katibu aliwapanga wenye kliniki siku moja, wakabebwa pamoja mpaka barabara kuu, wakapanda basi la Iringa bila kutembea kwenye ukungu na watoto mgongoni. Akina mama walimsifu. Mama yangu alimpelekea viazi. Sasa nikikumbuka vile viazi moyo unaniuma, maana alichagua vile vikubwa.

Lakini kulikuwa na sheria moja, na hiyo ndiyo iliyotuua. Nyumba moja, mtu mmoja. Kwa siku moja nyumba moja isitoe watu wawili. Hii ilikuwa ya kuzuia watu kukimbilia mahame: akibaki mtu nyumbani, aliyetoka atarudi. Kama vile unavyomfunga ndama ili ng'ombe arudi zizini. Katibu hakuitunga peke yake, ilipitishwa na kamati, mwenyekiti akatia mkono. Kwa hiyo mwenyekiti naye yumo humu, asije akajitoa.

Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu. Mama, mimi, na mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume, mwanangu mmoja yuko Mbeya anajifunza kazi. Mdogo wangu alikuwa na mume, naye alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, akasema anarudi, basi. Hatukujua kama alikufa au alioa. Mdogo wangu akimkumbuka alikuwa anasema, "Huyo dhahabu imemwoa." Alikuwa mtu wa utani. Nyumba ilikuwa yake kwa kelele.

Wote watatu tulikuwa na rovu. Kwetu uvimbe wa shingo haukuwa kitu cha kushangaza. Bibi alikuwa nalo, shangazi zetu walikuwa nalo, mtoto wa kike akilianza watu wanasema amefanana na ukoo. La mama lilikuwa dogo, alizeeka nalo. Langu lilikuwa kubwa, limekaa mbele kama boga, likitangulia kila ninapoingia. La mdogo wangu ukimtazama ulikuwa huoni kitu. Kivimbe tu, pale chini kwenye shimo la shingo. Kitenge kikipita begani, kimefichika.

Lakini yeye ndiye aliyekuwa halali. Akilala chali anakoroma kama mtu anayenyongwa. Akipanda kilima na mzigo wa kuni anasimama, anashika mti, anasema, "Dada, ngoja, pumzi imebaki nyuma, inakuja."

Ikatangazwa kanisani kwamba hospitali fulani ya Iringa itapata daktari wa kupasua mavimbe ya shingo. Daktari wa kuzunguka. Anakaa hospitali moja siku chache, anahamia nyingine. Tukaandikishwa kibuluu kwenda kupimwa, na safari hiyo, kwa kuwa mimi nilikwenda siku moja na yeye siku nyingine, hakuna aliyeona tatizo. Yule daktari alipima mwanzo, akarudi kupasua baadaye, ndivyo walivyofanya.

Mdogo wangu aliporudi kupimwa alituigizia. Akasimama katikati ya nyumba, akatuambia, "Kanambia nyanyua mikono, hivi, ishike masikio." Akanyanyua mikono yote miwili juu. Tukamwona uso unajaa damu, unakuwa mweusi mwekundu, mishipa ya shingo imetutumka. Akaishusha haraka akikohoa. Akacheka. "Hivyo hivyo, na daktari akasema ishushe, ishushe! Akaogopa yeye kuliko mimi."

Muuguzi alikuwa amemweleza vizuri. Rovu lako limeota kwenda chini, limeingia kifuani, linabana njia ya hewa. Wewe utaanza. Dada yako lake ni kubwa lakini liko nje, linaweza kusubiri. Njoni Jumatatu, wote wawili, pamoja, mmoja amtunze mwenzake. Jumatatu hiyo waliitaja kwa tarehe, wakamwandikia kwenye kadi yake na kwenye yangu aliyokuwa nayo.

Tukaenda dirishani na kadi mbili.

"Wawili?" katibu akauliza.

"Wawili, ndugu katibu. Daktari ndiye kasema."

"Daktari ana kalenda yake na mimi nina yangu. Nyumba moja mtu mmoja, sheria mnaijua."

"Basi aende mdogo," nikasema. "Yeye ndiye wa kuanza."

Akatoka nje kabisa, akatutazama shingo, mmoja baada ya mwingine, kama anachagua kuku.

"Dada, unanifanya mimi sina macho? Hilo lako kama mtungi. La huyu silioni hata nikiazima miwani ya mchungaji."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, ndivyo alivyokuwa, kisha kikohozi kikamshika.

"Limeingia ndani," nikasema.

"Kila anayekuja hapa lake limeingia ndani." Akarudi kwenye kalenda na penseli. "Wewe Jumatatu hiyo hiyo. Huyu Jumatatu inayofuata. Nimewapangia vizuri, mkubwa akitoka mdogo anaingia."

Mama akauliza, "Na huyo daktari, baba, Jumatatu inayofuata yupo?"

"Mama, hospitali ina kuta. Haihami."

Mdogo wangu alikuwa hajui kusoma. Kisomo alikiacha kwa sababu kukaa ameinamia ubao kulimkata pumzi. Akaniambia nimwonyeshe chumba chake. Nikamwonyesha. Akapitisha mkono dirishani, akakigusa kwa kidole, akasema, "Haya, hapa si mbali. Mstari mmoja tu chini yako." Tukaenda nyumbani.

Mimi sikukubali. Watu wanaoniambia leo kwamba nilitangulia kwa uroho wa kupona hawakuwepo. Jumatatu yenyewe alfajiri nilimpa mdogo wangu kibali changu. Nikamwambia panda tela, ukifika kizuizini nyamaza, onyesha karatasi. Yeye hakutaka, mama akamlazimisha. Mimi nikafuata kwa miguu pembeni nione amepita.

Mgambo wa kizuizi alikuwa mtu wa kwetu. Alikula nyumbani kwetu akiwa mtoto. Alichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, jina langu lote, akamtazama mdogo wangu.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi," mdogo wangu akasema. "Nimekonda."

Watu wa kwenye tela wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwenye kibali apande, asiye na kibali ashuke, mnanitafutia nini? Mnataka nikalale ndani mimi?"

Nikamsogelea. Nikamwambia, wewe unatujua, unajua huyu halali, mwache apite. Akatazama chini. Akasema, "Dada, najua. Lakini imeandikwa wewe." Akamshika mdogo wangu mkono, akamshusha kwa upole kabisa, kama anamshusha bibi harusi. Upole ule sijamsamehe. Angekuwa mkali ningejua nimeshindwa na ubaya.

Mdogo wangu akanivika kitenge chake kizito, akasema, "Nenda. Ukilala njaa hospitalini usiseme sikukuonya. Wiki ni nini?"

Nikapanda mimi.

Iringa, asubuhi yake, muuguzi akaita majina mawili. Nikaitika moja.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mdomo wazi. "Sasa nimwambie nini daktari? Nimwambie mgonjwa amezuiwa na kalenda?" Akaenda kumwambia. Daktari akaja mwenyewe kitandani kwangu, akasema maneno mengi, mengine ya hasira, na muuguzi akayafupisha: anaondoka Jumamosi. Siku yoyote kabla ya hapo, hata Ijumaa jioni, aletwe, atampokea. Baada ya hapo harudi mpaka mvua zipite.

Muuguzi yule Mungu ambariki. Alikwenda kupiga simu, ikafika ofisi moja ya wenye mashamba ya chai, na dereva wao wa lori akaenda kijijini kwetu na neno mdomoni, akamwambia katibu uso kwa uso. Kwa hiyo asiseme hakuambiwa. Dereva nilimtafuta baadaye, akanithibitishia, hata alipewa chai ofisini.

Mimi nilipasuliwa. Nilipozinduka nilikuwa siwezi kusema. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa nilitazama. Nilitazama Jumatano, nilitazama Alhamisi. Ijumaa jioni daktari alipita mara ya mwisho, akanishika bega, akatazama kitanda cha pembeni yangu walichokuwa wamekiacha wazi, akatoka. Jumamosi kitanda kile alipewa mwanamke mwingine.

Kumbe nyumbani mama alikuwa amekwenda kupiga magoti ofisini. Kuanzia Jumanne juma lile lote lilikuwa jekundu. Mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa, barabara inasawazishwa, kila mtu na jembe lake, hakuna kutoka. "Lakini wewe ndiwe unayeandika," mama akamwambia. "Si ufute tu?" Katibu akamjibu, "Nikimfutia mmoja nitawafutia wote, mama. Tarehe yake ipo, Jumatatu tu hapo. Mwambie avumilie." Na mdogo wangu siku hizo alikuwa barabarani anasomba changarawe na wenzake, maana rovu halionekani.

Jumatatu yake ikafika, akapewa kibali, akabebwa kwenye tela, akaja. Alikuta mlango wa miadi una karani. Karani wa miadi akatazama kadi.

"Wewe ulitakiwa juma lililopita."

"Kijijini walinipa leo."

"Kijijini wanapasua?" Akaandika tarehe mpya, mbali huko, mvua zikiisha. Akamrudishia kadi. Hakuita daktari yeyote wa pale amsikilize kifua. Mtu anapumua mbele yako kama mluzi, wewe unatazama kadi. Huyo karani naye nimemweka kwenye hesabu yangu.

Akaja wodini kunitazama. Hii ndiyo siku ninayoirudia zaidi. Alikaa kwenye kitanda changu akazungumza peke yake kwa ajili yetu wawili, maana mimi sauti sina.

"Lo! Dada! Umekuwa na shingo ya binti wa mjini. Sasa ushanga utakaa wapi, si utateleza?" Halafu akajijibu kwa sauti nyembamba, eti ndiyo mimi, "Nyamaza wewe, una wivu." Wagonjwa wakacheka, mimi nikashika kidonda nisicheke. Nikamwonyesha kwa kidole, wewe je? Akanionyesha kadi. "Nimepewa nyingine. Mvua zikiisha." Akasema hivyo kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha dukani, atapita kesho.

Yule muuguzi wangu alipoingia alimsikia kabla ya kumwona. Akasimama. Akamsikiliza mgongo. Akamuuliza karani amesema nini, akasonya. Akatuambia, huyu asisubiri hiyo tarehe. Mbeya kuna daktari wa upasuaji anayekaa, haondoki. Mkifika nyumbani mchukue vitu, mwende Mbeya. Msipange siku. Mwende.

Nikaruhusiwa, tukarudi wote wawili. Njiani alilala ameketi, kichwa begani kwangu.

Sasa kibali cha Mbeya. Katibu alisema Mbeya ni mkoa mwingine, lazima mwenyekiti atie sahihi. Mwenyekiti akasema yeye hatii sahihi kitu ambacho hakiko kwenye kalenda, tuanze kwa katibu. Tukarudi kwa katibu. Katibu akasema hii ni mara ya tano nyumba yenu inachukua buluu wakati wengine hawajapata hata moja, watu wanalalamika. Akatupa chumba baada ya ujio wa mgeni. Mimi nilikuwa nabishana kwa mikono, naandika hewani kama bubu. Mama ndiye aliyesema. Mdogo wangu hakusema tena utani. Alikuwa anahesabu pumzi.

Halafu ikawa asubuhi ile aliyoshindwa kunywa hata maji. Tukamkokota mpaka ofisini, mama akarudi kumpikia uji mwepesi, sisi tukakaa kwenye benchi tusubiri tarehe isogezwe mbele. Trekta lilikuwa limesimama pale pale, dereva amekaa kwenye gurudumu anavuta sigara. Aliniambia kwa huruma, "Nipeni karatasi tu, hata sasa hivi nawasha," kisha akaenda kutafuta maji ya trekta. Mengine nimeshayaandika.

Mgeni hakuja. Tulimzika mdogo wangu, barabara ikiwa nyeupe imesawazishwa, matao ya majani yamesimama, na siku ya ugeni tukasikia safari ya mkubwa imesogezwa, ratiba imembana. Nilikwenda dirishani nikaona kwa macho yangu. Katibu alikuwa na kifutio. Anafuta nyekundu. Anafuta polepole, anapuliza vumbi lake, anaandika mahali pengine. Kumbe na nyekundu inafutika. Kumbe ilikuwa inafutika siku zote.

Sikumrukia. Nilisimama tu nikamwangalia mpaka akaona aibu au baridi, akafunga dirisha.

Baadaye mwanangu alipata kazi ya kudumu, akanihamishia kwake Iyunga, hapa Mbeya karibu na barabara kuu. Mama alikataa kuja, alisema hawezi kumwacha mtoto kaburini peke yake. Sauti yangu ilirudi nusu. Watoto wa hapa mtaani wananiita bibi kwaruza, ingawa ubibi sijaufikia. Nimezoea.

Yule katibu alipandishwa cheo. Kwa mpango wake mzuri, walisema. Nilikutana naye hapa hapa Iyunga, amevaa koti, anangoja gari la kumpeleka semina mjini. Nilimtambua kwa namna anavyotazama saa. Nikamsogelea.

"Hujambo ndugu katibu."

"Sijambo mama. Pole, una mafua?"

"Sina mafua. Ni shingo."

Akanitazama. Nikamwambia kijiji, nikamwambia nyumba ya wanawake watatu. Ilimchukua muda. Halafu uso ukafunguka, akafurahi kabisa kama amekutana na ndugu.

"Ahaa! Wewe ndiye wa lile rovu kubwa! Si ulipona?"

Nikamwambia mimi nilipona, mdogo wangu je? Akasema mdogo wako yupi. Nikamwambia wa kwenye benchi. Akasema ile miaka ilikuwa na mambo mengi, mama, na sisi tulifuata utaratibu. Gari likaja. Akanipa mkono. Nami, kwa malezi tuliyolelewa ya kumheshimu mwenye cheo, niliupokea, na mpaka leo nauosha.

Kwa hiyo nauliza kwa kuandika, maana kwa sauti hii sitasikika, na gari halitaondoka katikati ya maneno yangu. Mgambo, nakuuliza: ulitujua au hukutujua? Karani wa miadi, ulisikia ule mlio au hukuusikia? Mwenyekiti, wewe uliyetaka kwanza iandikwe, useme mkono wako ulikuwa umefungwa na nani. Na wewe katibu, usiniambie utaratibu. Nani alikupa shingo ya mdogo wangu uipime kwa macho, wakati daktari alikwisha kuipima kwa mikono? Ulipoletewa neno na dereva, ukampa chai, kwa nini hukumpa na mgonjwa?

Mama yangu bado yuko hai. Kila anayetoka mjini anamwuliza kama yule kijana amesema lolote. Mimi nachoka kumwambia bado. Nenda kijijini, njia unaijua, ukae mbele yake umjibu yeye. Ukimaliza kwa mama, njoo Iyunga unijibu mimi.